Tupeane uzoefu: mkono wa poka mliobishania mpaka ukabadili uchezaji wako

ReeYaPau

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wanaocheza poka ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kila mmoja alete mkono mmoja, ule mliobishania na wenzako baada ya mchezo hadi ukabadili namna unavyofikiri. Ombi langu ni moja: tueleze uamuzi ulipokufikia ulikuwa unajua nini na hujui nini. Nani alizoa kitita (chipu zote zilizowekwa katikati), kiweke mwisho au ukiache kabisa. Nimeona mabishano mazuri mengi yakifa pale tu mtu anaposema "na nikashinda".

Naanza mwenyewe. Nilikuwa na ree na mfalme, zote shupaza. Mezani wakafungua mfalme wa kopa, 9 ya kopa na 4 ya pau. Nikaweka dau zito, jamaa mmoja akalipa, yaani akatoa sawa na dau langu ili abaki mchezoni. Ya nne ikaja 2 ya shupaza. Nikaweka tena, akalipa tena. Ya mwisho 7 ya uru. Kitita kimefika chipu 600. Nikapita (sikuweka dau), yeye akaweka 600.

Nilikaa kimya muda mrefu, kisha nikalipa. Wenzangu wakanisifu kwamba nimemsoma usoni. Mmoja wetu, mtu mpole asiyependa kelele, akauliza: "Ulimhesabia nini?" Sikuwa na jibu, basi tukahesabu pamoja.

Nilitoa 600 kugombea kitita cha 1,800, dau langu likiwemo. Ilitosha niwe sahihi mara 1 kati ya 3. Karata za kunipiga tulizomhesabia: seti ya 9 (9 tatu, mbili zikiwa mkononi mwake) inapatikana kwa njia 3, seti ya 4 njia 3, na mfalme na 9 za aina moja njia 2. Jumla 8. Seti ya 2 na ya 7 tuliziondoa, maana jozi ndogo kama hizo zisingestahimili madau mawili mazito. Kwa hiyo nilihitaji azuge, yaani aweke dau bila karata nzuri, kwa njia 4 tu. Angalia kopa mbili mbili zilizosubiri kutimia kopa tano zikakosa: ree na malkia, ree na jeki, malkia na jeki, jeki na 10, 10 na 8. Hizo tayari 5.

Lakini yule mpole hakuishia hapo. Alisema kuwa na karata hizo ni jambo moja, kuwa na moyo wa kuziwekea 600 ni jambo jingine. Kama jamaa ni mtu wa kupita akikosa kopa, zile njia 5 hazipo. Hilo tulibishania wiki nzima, na mpaka leo kikundi chetu kimegawanyika. Mimi tangu siku hiyo sijamwambia mtu "nilimsoma usoni".

Nyota_Saba

Asante kwa uzi, mkuu. Wangu ni mkono nilioshinda, na ndio ulioniharibu.

Nina kopa mbili mkononi, mezani kuna kopa mbili, imebaki karata moja; ikija kopa ninakuwa nazo tano, mkono mzito. Kitita 300, mpinzani anaweka 300. Nikalipa, kopa ikaja. Kwa miezi kadhaa baada ya pale nililipa kila dau la namna hiyo nikiamini nina mkono wa bahati, na chipu zikawa zinayeyuka bila mimi kuelewa.

Dada mmoja tunayecheza naye alinikalisha na kalamu. Karata ambazo sijaziona ni 46, za kunisaidia ni 9. Nikirudia mkono ule mara 46, nakosa mara 37, kila mara napoteza 300: hapo zimeondoka 11,100. Napata mara 9, kila mara 600: zimerudi 5,400. Nikamjibu, sawa, lakini nikiipata kopa atanilipa zaidi mwishoni. Akauliza swali ambalo sijalisahau: "Alikuwa amebakiwa na ngapi?" Alikuwa na 400. Hata angenipa zote kila nilipopata, ningefika 9,000 tu.

Sasa kabla sijalipa dau nikisubiri karata, macho yangu huenda kwanza kwenye chipu za mwenzangu.

Mfuata_Dau

Wangu mfupi. Nilikuwa na wafalme wawili, nikaweka vyote kabla ya karata za mezani, mwenzangu akafunua ree mbili. Meza nzima ikaniambia ningezitupa. Nilikosa usingizi, nikaamini. Siku nyingine nikatupa wafalme kweli!

Aliyenitoa huko ni hesabu: ukiwa na wafalme wawili, mpinzani mmoja ana mikono 1,225 inayowezekana, na ree mbili ni 6 tu kati yake. Hata meza ikiwa na wapinzani wanane, uwezekano wa mmoja wao kuwa nazo ni kama 4 kwa 100. Najua mtu akishapandisha mara tatu picha inabadilika. Ila wale walionilaumu hawakutaja kupandisha, walitaja ree walizokwisha kuziona.

Kimya_Kingi

Sisi tulibishania mkono wa watu wengine kwanza. Mwaka 2003, mchezo mkuu wa World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka duniani, kati ya wachezaji 839 wamebaki wawili, Chris Moneymaker na Sammy Farha. Mezani 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza, 8 ya shupaza, 3 ya kopa. Farha ana malkia na 9. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na 7, hana hata jozi, akaweka vyote. Farha akatupa. Nilichokipenda ni ule mfalme: akiwa naye yeye, mwenzake hawezi kuwa na shupaza tano zinazoongozwa na mfalme.

Nikaenda kuiga. Mezani kuna uru tatu, mimi nina ree ya uru peke yake. Kitita 400, nikaweka 400 ya kuzuga. Nilihitaji atupe nusu ya nyakati. Hakutupa, lakini si hilo lililonifundisha. Mwenzangu mmoja alisema: "Uru ya tatu ilipotoka ulipita. Kama ungekuwa nazo tano, ungepita?" Nisingepita kamwe. Nilikuwa na karata nzuri ya kuzugia, ila hadithi niliyomsimulia mpinzani haikuungana.

Mzee_wa_Kupandisha

Nampinga ReeYaPau kidogo, kwa heshima. Ukificha mwisho unaficha na karata alizofunua mpinzani, na hizo ni habari. Ukimwona mtu amezuga kwa 10 na 8 ya kopa, swali lenu la wiki nzima limepata angalau shahidi mmoja.

Na tusiharakishe kuitana wabovu. Kikundi chetu kilinisema miaka kwa kumtangulia na dau mtu aliyepandisha raundi iliyopita, badala ya kupita nimsubiri. Nikaacha. Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus ikawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, na waliochunguza uchezaji wake wakaona ilikuwa ikifanya hivyo mara nyingi kuliko binadamu. Simaanishi nilikuwa sahihi kwenye mikono ile yote. Namaanisha hakuna aliyeniuliza kwa nini niliweka.

ReeYaPau

Mzee, hilo la karata zilizofunuliwa nalikubali. Zije, lakini baada ya kila mmoja kusema angefanya nini.

JekiZaUsiku

Basi mimi naleta usio na mwisho. Jeki mbili. Nilipandisha, mmoja akalipa. Mezani 10, 6, 3, aina tatu tofauti. Kitita 150, nikaweka 100, akapandisha hadi 350. Natakiwa kuongeza 250 kugombea kitita cha 850, kwa hiyo nahitaji kama 29 kwa 100. Seti tatu zinampa njia 9. Jozi za 9, 8 na 7 zinampa njia 18, ila sijawahi kumwona akipandisha na jozi kama hizo. Ni mtu nisiyemjua vizuri, tumecheza naye mara mbili.

Niliamua ndani ya dakika moja na bado sina amani nao. Mngefanyaje?