Mahindi yamegeuka manjano baada ya kufukia maranda: nimekosea wapi?

JembeLangu:
Wakuu, naomba msaada msimu haujaniponyoka. Wiki mbili kabla ya kupanda nilifukia maranda mabichi ya mbao, ndoo nne kila tuta, nikiamini chochote kinachooza ni mbolea. Mbolea ya dukani ya DAP niliweka kwenye mashimo, mahindi yakaota vizuri. Sasa yana majani saba, yamedumaa na kuwa manjano. Tuta la mwisho, ambalo maranda yaliisha kabla sijalifikia, ni kijani kibichi. Inaniuma, maana udongo huu nimeuhangaikia sana. Niongeze DAP?

BintiMkulima:
Umanjano umeanzia majani ya chini au ya juu? Kirutubisho cha naitrojeni kikipungua, mmea hukihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga, hivyo ya chini hutangulia. Madini ya chuma hayahamishiki kirahisi. Yakikosekana, machanga ndiyo hupauka.

JembeLangu:
Ya chini. Unaanzia nchani na kuingia katikati ya jani kama herufi V. Kingo bado ni kijani.

MzeeWaMboji:
Hiyo ni njaa ya naitrojeni, mwanangu. Zingeungua kingo kwanza ningeshuku upungufu wa potasiamu. Majani yangekuwa zambarau, ningeshuku wa fosforasi.

Maranda yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kiduchu. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni ya kujenga miili yao. Wasipoipata humo wanaichukua udongoni, na mizizi haiwawezi kwa kugombania. Haijapotea. Wakifa itarudi, lakini mahindi hayawezi kungoja hadi hapo.

DAP acha: naitrojeni yake ni asilimia 18 tu. Mbolea ya urea ina 46. Ifukie kando ya shina bila kuligusa, udongo ukiwa na unyevu, kwani ikiachwa juu sehemu yake hugeuka amonia ikapotelea hewani. Maranda yaliyobaki yarundike pamoja na samadi hadi yaive, au yatandaze juu ya udongo bila kuyafukia.

JembeLangu:
Leo siku ya tisa tangu niweke urea. Majani mawili mapya yametoka kijani, nimefurahi mno! Ya chini bado manjano, je, yatarudi?

BintiMkulima:
Yaliyokwisha kauka hayarudi. Wewe fuatilia machanga.

JembeLangu:
Sawa dada. Lile tuta lisilo na maranda nimeliwekea urea kiasi kilekile, nitapima mavuno yake peke yake.