Naomba ushauri: nataka kuwa doula, nianzie wapi?

Habari zenu wapendwa. Nipo Mwanza, ni mama wa watoto wawili, na moyo wangu uko kwenye kazi ya doula: kukaa na mama tangu uchungu unapoanza hadi mtoto atoke, kumkanda kiuno, kumpa maji, kumsaidia kupumua na kubadilisha mkao, kumtia moyo. Sizungumzii ukunga. Kupima njia, kuchoma sindano, kukata kitovu, hayo ni ya mkunga na daktari, sitaki kabisa kuyagusa.

Katika mwongozo wake wa 2018, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe leba na mtu aliyemchagua mwenyewe. Lakini wodi nyingi vitanda vimebanana, pazia hakuna, basi ndugu wanabaki nje na mama anapambana peke yake. Hilo linaniuma sana.

Dada zangu wauguzi na wakunga, nimwone nani kwanza: mganga mfawidhi wa kituo au muuguzi kiongozi wa leba? Mafunzo ya mtandaoni yanatosha, au nianze kwa kujitolea? Na malipo je, kwa mama ambaye hata nauli ya bodaboda ni shida?