MREJESHO: Fomu iliyokuwa ikigomea picha za vyeti

Wakuu, niliuliza kuhusu fomu yetu ya usajili: picha ya cheti ikizidi MB 1 inarudisha kosa la 413 (ombi ni kubwa mno), ilhali upload_max_filesize ya PHP, yaani kikomo cha faili moja, ilishapandishwa hadi 10M. Sasa imekaa sawa. Asanteni sana mliosema niangalie kwanza Nginx, seva ya wavuti inayopokea ombi kabla ya PHP.

Kweli, ombi halikuwa linafika PHP kabisa. Nginx ina kikomo chake, client_max_body_size, na usipokigusa ni MB 1. Nimekiweka 35m, nikapima mipangilio kwa nginx -t, nikaipakia Nginx upya. 413 ikapotea.

Likaibuka jingine: mwombaji akiweka vyeti vitatu vya MB 3 kila kimoja, fomu inafika tupu, hata jina halipo. Hiyo ni post_max_size, kikomo cha PHP cha ombi zima, iliyokuwa bado kwenye 8M ya kawaida. Ombi likizidi hapo, PHP inaacha $_POST na $_FILES (zinamowekwa data ya fomu na faili) zikiwa tupu, na msimbo unadhani mtu hakujaza kitu. Hili liliniuma: mtu amemaliza bando kupandisha faili, halafu anaambiwa "jaza jina lako"! Nimeiweka 32M na kuwasha upya php-fpm, huduma inayoendesha PHP. Hakikisheni hiyo inatosha faili zote kwa pamoja, na ya Nginx isiwe chini yake.

Nimeongeza pia ukaguzi wa ukubwa wa faili (file.size) kwenye kivinjari, ili mtu aonywe kabla bando halijaliwa. Ule wa seva umebaki palepale, maana wa kivinjari unakwepeka kirahisi.