Naomba ushauri: injini imenoki, mtengenezaji hataki kuyaita magari yarudi kurekebishwa

Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nipo Masasi. Gari nililonunua jipya kwa wakala limenoki nikitoka Mtwara, sijafika hata Ndanda. Taa ya oili haikuwaka kabisa! Fundi kafungua kakuta ringi za pistoni zimekwama, oili imeungua ikaisha, beringi zimelika. Jamaa zangu wa Newala wana aina hiyohiyo na ugonjwa uleule, na sevisi wanafanya kwa wakati.

Wakala anasema mtengenezaji hajatangaza kuyaita magari, nijigharimie. Inauma sana. Injini ikizima mteremkoni, usukani na breki vinakuwa vizito, na nyuma yako kuna lori la korosho.

Kuna aliyewahi kulalamika Tume ya Ushindani (FCC, inayolinda walaji) kwa Sheria ya Ushindani ya 2003? Twende kwa pamoja au kila mtu kivyake? Na injini niiache hivihivi ilivyofunguliwa iwe ushahidi?