Mtu wa picha za harusi aondoke saa ngapi, na masaa yake yaanze kuhesabiwa wapi?

Wadau, nauleta huu mjadala kwa sababu kila msimu wa harusi ugomvi ni uleule. Saa 5 na nusu usiku mpigapicha anafunga begi, shangazi mtu anamfuata "we unaenda wapi na zawadi hazijaisha?", jamaa anajibu masaa yangu yameisha, anaitwa mwenyekiti wa kamati, kelele zinaanza. Mi kwenye hili niko upande wa mpigapicha, ila sio kwa kila kitu.

Chukua Jumamosi ya kawaida ya Dar. Bibi harusi yuko saluni saa 3 asubuhi na watu wa picha wameambiwa wawe hapohapo, maana siku hizi lazima ipatikane picha ya gauni limetundikwa, viatu na pete. Kanisani saa 8 mchana. Wakitoka hapo picha za nje, ufukweni au popote penye majani ya kijani, na katikati kuna foleni ya Mwenge ambayo haijali nani anaoa. Kadi imeandikwa saa 12 jioni ila wote tunajua maharusi wataingia saa 2 na nusu, halafu utambulisho, keki, shampeni, msosi, zawadi, saa 6 ukumbi unafungwa. Piga hesabu: masaa 15!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ya mwajiriwa ni 9 kwa siku, ukijumlisha na ovataimu asizidi 12, ovataimu alipwe mara moja na nusu, na akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo apumzike saa zima. Najua kuna mtu atasema yule sio mwajiriwa, kajiajiri, na ni kweli sheria haitubani hapo. Lakini kama hata wa ofisini na kiti chake kawekewa mwisho masaa 12, huyu anayezunguka na kamera mbili shingoni tunamdai 15 kwa kipimo gani?

Sasa kwenye kuhesabu ndo kuna vita. Familia wanasema saa inaanza picha ya kwanza inapopigwa, na ule muda wa kutoka kanisani hadi ukumbini "si alikuwa amekaa tu". Alikuwa amekaa wapi? Hawezi kwenda kupiga kazi nyingine, hawezi kwenda kulala, yuko kwenye gari lenu anachaji betri. Kwangu mimi saa inaanza pale mlipomwambia afike. Kama mekapu imechelewa masaa mawili hayo ni yenu.

Ila na nyie wapigapicha mna yenu. Mnaandika "siku nzima" kwenye pakeji bila kusema siku inaishia wapi, kwa sababu neno tamu, linaleta advansi haraka. Halafu saa 4 usiku ndo tunasikia kumbe siku nzima ni masaa 8, na wengine mnaondoka kwa sababu mmepokea oda ya sendofu ya mtu mwingine usiku huohuo, hapo ukumbini mnatuachia dogo ambaye flashi yenyewe hajaizoea.

Na zawadi sio kitu cha kuruka. Harusi zetu zinaendeshwa na michango, mtu kachanga, kaja na kundi lake wamevaa sare, wanaingia wanacheza na jiko la gesi kichwani, ile picha ndo risiti yao. Ukikosa picha mia za watu wakicheza mziki saa 6 kasoro hakuna atakayeuliza, kwanza zinafanana zote. Ukikosa picha ya mama wakubwa na friji lao utaulizwa hadi uzeeni. Ndo maana naona tunagombana na mtu asiyehusika. Anayekula muda ni MC na ratiba yake ya utambulisho wa ukoo mzima, hadi jirani wa zamani. MC aambiwe mapema kameramani anaondoka saa fulani, zawadi zisogezwe kabla ya msosi, tuone kama kuna mtu atamfuata mlangoni.

NYONGEZA: nimesoma majibu. Aliyesema tuchukue timu mbili, moja ya mchana nyingine ya usiku, ni sawa kama bajeti ipo, ila rangi za picha zitapishana, ombeni wote wasafishiwe na mtu mmoja. Mdau wa Tanga anayesema kwao nikah na kuingia ndani masaa machache yanatosha, shida ni kupata mpigapicha wa kike, nakubali, hayo masaa 15 ni ya harusi za ukumbini. Na aliyeuliza nani atoe hela ya ovataimu saa 6 usiku wakati kamati imekauka: hela ya masaa mawili ya ziada mweka hazina aitenge tangu vikao vya mwanzo, isipotumika wanapewa maharusi. Kumfuata bwana harusi mezani na bili sikubali hata iweje.

Swali ambalo bado hamjanijibu: dakika anazokula mpigapicha zihesabiwe kwenye masaa yake au hapana? Mi nasema zihesabiwe, maana sahani yenyewe anapewa wa mwisho, wali bila nyama, na akishika kijiko tu MC anaita keki.