Aliyetiwa hatiani Marekani arudishiwe haki ya bunduki? Tujadili

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Kwetu Bongo bunduki ni leseni. Usipopewa, huna cha kudai. Marekani ni haki iliyomo kwenye Katiba, Marekebisho ya Pili, ndiyo maana kumnyang'anya mtu maisha yake yote kunazua kesi kila kukicha.

Sheria yao ya mwaka 1968, kwa ufupi: ukitiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka 1 jela, bunduki usiiguse tena. Kinachoangaliwa ni adhabu iliyoandikwa kwenye sheria, hata kama hakimu alikuhurumia. Kuna jamaa wa Pennsylvania aliyekuwa na kazi ya kukata nyasi ili alishe watoto wake 3. Kwenye fomu ya kuomba msaada wa chakula kipato chao hakikutajwa chote. Mwaka 1995 akakiri kosa, akarudisha dola 2,458, akapewa kifungo cha nje. Basi, akawekwa kapu moja na mtu aliyempiga mwenzake risasi. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi 2023, ikarudia hivyo hivyo Desemba 2024.

Msimamo wangu: aliyemwaga damu asirudishiwe; aliyedanganya kwenye fomu arudishiwe, ila na jaji, mahakamani, kila mtu akiona. Njia ya kuomba serikalini ipo kisheria, lakini tangu 1992 Bunge lao limezuia pesa za kushughulikia maombi ya watu binafsi. Muuza bunduki mmoja wa Texas alivuka kwenda kula chakula cha jioni Mexico, kasha la risasi likakutwa garini, akahukumiwa huko. Aliporudi akaomba haki yake, ombi halikusomwa kabisa, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikasema majaji hawawezi kumsaidia. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ikaichukua kazi hiyo yenyewe, na kwenye kundi la mwanzo la watu 10 akawemo mwigizaji Mel Gibson, aliyetiwa hatiani 2011 kwa kumpiga aliyekuwa mpenzi wake. Elizabeth Oyer, aliyesimamia ofisi ya misamaha, alisema alifukuzwa baada ya kukataa kumpendekeza. Wakubwa zake wakakanusha. Hilo ndilo ninalolikataa. Ukiwa na jina, faili lako linasomwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umejichagulia mfano mwepesi. Watu wa fomu wanaeleweka. Mimi nakuuliza wa unyang'anyi aliyetulia miaka 20: nani atamsoma moyo? Sababu waliyotoa wabunge kufunga ile njia ni hiyo hiyo: kazi ni ya kukisia, na ukikosea anayelia ni raia asiye na hatia. Jaji naye anakisia, tofauti ni joho tu.

MCHANGIAJI WA PILI
Nipo Columbus, Ohio. Huku wengi wanakiri kosa ili kesi iishe warudi kazini, wala hawaulizi kitafuata nini. Baadaye anataka kazi ya ulinzi wa silaha, ambayo inalipa kuliko ya mikono mitupu, anaambiwa haiwezekani. Mke wake akinunua bastola halali akaiweka droo la chumbani, mume anaweza kushtakiwa kwamba naye anayo, maana anaifikia. Watu wa Dar mnajadili Katiba. Huku tunajadili droo.

MCHANGIAJI WA TATU
Maine na Vermont mfungwa anapiga kura akiwa gerezani. Kama kura anaaminiwa, kwa nini bunduki hapana? Adhabu ikiisha iishe jamani.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kura ya mtu mmoja haijawahi kumlaza mtu mochwari.

MLETA MADA
Wa Columbus, hilo la droo umenifungua macho, ahsante. Wa kwanza, jaji anakisia kweli, lakini anaandika sababu na uamuzi wake unakatiwa rufaa. Afisa wizarani akilikalia tu faili lako, utamkatia wapi? Na kwenye kumpiga mwenza silegezi: tangu 1996 hata kosa dogo la aina hiyo linakunyima bunduki, na libaki hivyo.

Ninaposhindwa ni dereva mlevi aliyemgonga mtu akafa. Hakukusudia, bunduki haikuhusika, lakini damu imemwagika. Yeye mnamuweka upande gani?