Kambare wadogo wapole kwa baridi ya Mbeya: kori, oto, pleko au ngogo?

Mdau_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina tenki la samaki la lita 100 sebuleni, lina mimea, filta ya sifongo na kundi la samaki wadogo aina ya danio. Sasa nataka kambare wa kukaa chini, wadogo, wapole, wasiosumbua wenzao. Tatizo ni baridi. Julai hii kipimajoto kinasoma nyuzi 18 alfajiri bila hita (kipasha maji), na hita nikiiwasha, umeme ukikatika usiku maji yanapoa haraka. Nimetajiwa kori, oto, pleko wa ndevu na ngogo wa Ziwa Nyasa. Nyie mngechukua yupi?

Kihesa_Majini
Kamwene mkuu. Chukua kori, ila si kori yeyote tu. Tafuta kori wa madoadoa, Corydoras paleatus. Kwao ni kusini mwa Brazili, Uruguay na Argentina, na huko kuna majira ya baridi ya kweli. Ndiyo maana kwenye nyuzi 18 hadi 23 anakula na kucheza kama kawaida. Si samaki mgeni kwa sayansi: mwanasayansi Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle, na mtaalamu mwenzake Jenyns akamwandika kitaalamu mwaka 1842. Tangu 2024 wataalamu wamemhamishia kwenye jenasi ya Hoplisoma, kwa hiyo mtandaoni utakuta majina yote mawili.

Kori wa shaba (aeneus) anapenda kama 22 hadi 26. Kori aina ya sterbai ndiye mzuri kuliko wote kwa macho yangu, lakini anataka 24 hadi 28. Kumweka Uyole bila hita ni kumtesa.

Nunua sita au zaidi kwa pamoja. Wakiwa kundi utawaona wanazunguka tenki zima mchana kweupe. Mmoja peke yake anajibanza nyuma ya filta na hutamfaidi.

Mama_Tenki
Kihesa nakuheshimu, ila wauzaji wengi wanawaambia watu kwamba kori ni msafishaji. Kori hali mwani. Kioo kikiwa cha kijani leo, ukiweka kori kumi kitabaki cha kijani. Anayekwangua kioo ni pleko wa ndevu, Ancistrus. Wangu hapa Mwanjelwa analala ndani ya kifuu cha nazi, usiku anatoka kushambulia kipande cha tango au boga nilichokizamisha, na asubuhi linabaki ganda tu. Mmoja anatosha kwa lita 100, na mwekee gogo la kuzama, analikwangua kila siku.

Ubaya wake nausema wazi: anafika sentimita 12 au zaidi, kinyesi chake ni kingi, na madume wawili watagombania pango. Pia mimi hita yangu inashikiliwa na betri ya sola. Bila hiyo nisingemweka kwenye nyuzi 18.

Matema_Ziwani
Ngogo mwache ziwani, ndugu yangu. Ngogo wa Nyasa, Synodontis njassae, anakaribia sentimita 20. Lita 100 hazimtoshi, na danio waliolala chini ya mimea atawameza. Maji ya ziwa letu nayo ni ya alkali, si kila bomba litamfaa. Halafu miiba ya mapezi yake ikishika kwenye wavu, hutoki bila kukata wavu.

Na mtu asikupe kambare mchanga wa bwawani kwa sababu tu yuko saizi ya kidole. Clarias anapita mita moja.

Mwalimu_Tukuyu
Niongezee kuhusu oto, yaani Otocinclus. Ni mpole kuliko wote waliotajwa, sentimita 4 hivi, na mwani laini kwenye majani anaufuta vizuri sana. Lakini wengi huvuliwa porini, wanafika dukani wameshinda na njaa. Mtazame kwa chini akiwa amejibandika kwenye kioo: tumbo likiwa limeingia ndani, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Tenki jipya halimfai, maana mwani bado haupo. Likishakaa miezi kadhaa ndipo umfikirie.

Mdau_Uyole
Shikamoo mwalimu. Asanteni wote, kwa sasa naegemea kori wa madoadoa. Maswali mawili: chini nimeweka kokoto, zitafaa? Na kwa rafiki yangu niliona kori wanakimbilia juu, wanagusa hewa na kurudi chini. Ni ugonjwa?

Kihesa_Majini
Kokoto toa. Kori anachimba kwa mdomo: anazamisha uso mpaka machoni, anabugia mchanga, kisha mchanga unamwagika kwenye matamvua na chakula kinabaki. Kwenye kokoto zenye makali, ndevu zake zinachubuka, zinaingia bakteria na kulika. Mchanga laini wa mtoni unatosha, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Kupanda juu ni kawaida, kori anameza hewa na kuitumia kwa utumbo. Ila wote wakipanda mara kwa mara, pima maji au ubadilishe sehemu ya maji. Sisi wa nyanda za juu tuna jambo la ziada: kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, na maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar. Pampu ya hewa isizimwe usiku.

Mama_Tenki
Mdau, kama unaagiza Dar, zingatia safari. Kule wanakaa kwenye maji ya nyuzi 27 au 28, basi linapita mlima Kitonga usiku, halafu unawamwaga kwenye 18? Hata kori wa madoadoa hatastahimili. Omba wafungwe kwenye boksi la foma, wewe washa hita kwenye 24 kabla hawajafika. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tenki, ongeza maji yako kidogo kidogo, kisha watoe kwa bakuli, si kwa wavu, miiba yao inanasa. Baada ya hapo shusha hita nyuzi moja kila baada ya siku chache. Kama unaweza kusubiri, agiza Oktoba, usiku wa kwetu unakuwa umeshapata joto kidogo.

Mdau_Uyole
Nasubiri Oktoba. Mchanga naanza kuosha Jumamosi hii.